Mapigo Mawili Kabla ya Drili

Asubuhi ya Jumatatu ile, kabla mafundi hawajateremsha hata karai moja, Bi Halo alikuwa amekwisha kukihamisha kizimba cha sungura wake mara tatu. Alikitoa chumbani kwake akakipeleka sebuleni, akaona kuwa sebule iko karibu mno na mlango ambao mifuko ya saruji ingepitishwa. Akakipeleka jikoni, akakumbuka kwamba jiko na bafu vimetenganishwa na ukuta mmoja tu. Akakirudisha chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akasimama, akaketi tena. Wifi yake, mke wa mdogo wake, alikuwa akipita na ndoo ya maji. Alisimama kizingitini akamtazama.

"Wifi, hao watakufa kwa kizunguzungu kabla fundi hajafika."

"Nawatafutia mahali patulivu."

"Nyumba ina vyumba vinne na bafu moja, na bafu ndilo linabomolewa. Ukipata hapo mahali patulivu, uniite na mimi."

Bi Halo si jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata katika hospitali kubwa alikokuwa mpokea simu kwa miaka thelathini na mmoja, na likamfuata nyumbani kwa sababu hata mlango ulipobishwa aliitika kwa neno hilohilo. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya ngazi. Hakikuwa na dirisha, na muda wote wa zamu alivaa vipokea sauti masikioni. Yeye ndiye aliyewatafuta jamaa za wagonjwa majumbani mwao na kuwaunganisha na madaktari. Katika mwaka wake wa pili alimuunganisha mwanamume mmoja moja kwa moja, bila kumwandaa kwa neno lolote. Daktari akasema alilokuwa nalo, na Bi Halo, ambaye hakuwahi kutoka kwenye laini, akasikia kishindo cha mtu akianguka pamoja na kiti chake. Tangu siku hiyo hakumpitisha mtu kwa daktari kabla ya kumwambia: "Kaa kwanza, nakuunganisha." Aliwafundisha hivyo wote waliokuja kujifunza kazi kwake. Sauti isiyotangulizwa, aliwaambia, ni kofi.

Sungura wawili aliletewa na mtunza bustani wa hospitali siku alipoagwa, ndani ya katoni ya dawa. Wenzake walidhani angependa kasuku. Yeye alitaka kiumbe kisichoita. Dume, wa kijivu, aliyekwisha kuhasiwa, alipewa jina la Mkaguzi, kwa kuwa hakuna kona ambayo pua yake haikuipitia. Jike, mweupe mwenye doa jeusi kwenye mguu wa mbele wa kulia, mfano wa mtu aliyemwagikiwa wino, akaitwa Karani. Kwa miaka minne waliishi katika chumba chake, mlango wa kizimba ukiwa wazi mchana kutwa, na hakuna mtu aliyewahi kusikia sauti yao.

Ukarabati haukuwa wa anasa. Mdogo wake Bi Halo, dereva mstaafu wa gari la maji, alikuwa amejikwaa kwenye kizingiti kirefu cha bafu akavunjika nyonga. Madaktari walikuwa wamemfunga vyuma na kutoa tarehe: Jumamosi ya wiki ya pili angerudi nyumbani akitembelea fremu ya chuma yenye miguu minne. Fremu hiyo isingepita kwenye mlango wa bafu, wala isingeruka kizingiti. Ilibidi mlango upanuliwe, kizingiti king'olewe, sakafu isawazishwe na kutandikwa vigae visivyoteleza, na bomba nene la kushikia lifungwe ukutani. Siku kumi na mbili, pamoja na Jumapili ambayo mafundi hawafanyi kazi.

Fundi mwashi aliyekuja alijulikana mtaani kwa jina la Taratibu. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye kuvua viatu mlangoni hata katika nyumba aliyokuja kuibomoa. Alifuatana na fundi wa vigae, mwanamke mwenye mabega mapana aliyefunga kitambaa puani tangu asubuhi hadi jioni.

"Fundi," Bi Halo alimuuliza, "umekuja na nini cha kelele?"

"Mama, nimekuja na vyote. Nyundo, tindo, drili, grenda. Kisicho na kelele ni bomba la maji tu, nalo likipasuka utalisikia."

"Nina sungura wawili ndani. Ni viumbe wa hofu. Hofu ikimshika sungura anaacha kula, na sungura akiacha kula siku moja nzima, tumbo lake linasimama. Likisimama, ndiyo basi."

Taratibu alimsikiliza kwa makini, kama mtu anayeonyeshwa ufa ukutani. "Sasa tufanyeje?"

Hapo Bi Halo akatoa sheria yake, ile aliyoitumikia miaka thelathini na mmoja. Kabla ya kuwasha chombo chochote, fundi apige sakafu mara mbili kwa mpini wa nyundo. Yeye atahesabu hadi ishirini, atafika kizimbani, atakifunika nusu kwa shuka, ataketi nao. Ndipo awashe.

"Hiyo ni adabu," Taratibu alisema, akionekana kufurahi kweli. "Nimebomoa kuta za watu miaka ishirini na sita, na hakuna aliyewahi kunitaka nibishe hodi kwanza."

"Na mimi nihesabu?" aliuliza fundi wa vigae.

"Wewe changanya saruji," Taratibu alimjibu.

Daftari ambalo Bi Halo aliandika siku zile lingalipo. Lina jalada la kijani, na kila ukurasa umegawanywa kwa rula katika safu tatu: saa, sauti, sungura. Ukurasa wa kwanza unaonyesha mapigo mawili saa mbili na dakika kumi, drili ikafuata, sungura "wamejificha." Saa mbili na arobaini, mapigo, nyundo na tindo, "wamejificha." Kufikia saa sita mchana neno hilo limeandikwa mara saba. Bi Halo hakulisoma kama habari mbaya. Kila mapigo yaliposikika, Mkaguzi alipiga sakafu ya kizimba kwa mguu wa nyuma, wote wawili wakaingia katika kisanduku cha mbao walichozoea kulalia, nayo drili ilipowaka iliwakuta ndani. Jioni alimsimulia wifi yake kwa fahari kidogo.

"Wameshaelewa. Wakisikia hodi tu, wanajificha wenyewe, hawasubiri drili."

"Basi wana akili kuliko mume wangu. Yeye kizingiti kile amekiona miaka kumi na tisa."

Siku ya nne Karani aliacha nusu ya majani yake. Wifi hukumbuka kuwa ilikuwa siku ya tano. Palipo na tofauti ya namna hii, daftari ndilo lililofuatwa hapa, ila wifi amesisitiza iandikwe kwamba yeye ndiye aliyeona kwanza. Bi Halo alianza kuwatenga usiku kwa ubao, kila mmoja juu ya karatasi yake, na kuhesabu punje za kinyesi kila asubuhi. Sungura mzima huacha punje nyingi mno, ngumu, za mviringo, kubwa kama mbaazi. Za Karani zilipungua, zikawa ndogo, nyingine zimefungamana kwa manyoya.

"Umestaafu kuhesabu simu, sasa unahesabu mavi," wifi alisema. Kisha, alipoona mwenzake hacheki, akaongeza kwa sauti ya chini, "Ni ngapi leo?"

"Thelathini na mbili. Mkaguzi pekee alizidi mia."

Bi Halo hakuweza kutulia. Wakati mafundi wakifanya kazi aliketi kando ya kizimba, mkono mmoja ndani, akihisi kupitia manyoya moyo uliokwenda mbio kupita hesabu. Mafundi waliponyamaza aliinuka kwenda kusikiliza kwenye mlango wa bafu kama wako karibu kuanza tena. Vumbi liliingia kupitia kila upenyo. Alifuta meza, likarudi, akafuta tena. Chai aliimwaga imepoa bila kuinywa. Alijikuta akihesabu hadi ishirini hata pale ambapo hakuna aliyegonga.

Siku ya Jumamosi alimpigia simu daktari wa mifugo, kijana wa sauti ya kikohozi aliyekuwa na zahanati ng'ambo ya soko.

"Mama, usiwahamishehamishe," daktari alisema. "Waache walipozoea harufu. Funika kizimba nusu, nusu acha wazi, wawe na pa kujificha na pa kutazama. Nyasi kavu zisikatike. Washa redio, sauti ya chini, iseme mchana kutwa. Chakula saa zilezile. Na wewe pia utulie, maana wanakusoma."

"Nikuletee umwone?"

"Huku kwangu kuna mbwa sita, na ukuta ni wa mbao. Ukiweza kumtibu hapo, mtibu hapo."

Alifanya yote isipokuwa moja, lile la kutulia. Jumapili mafundi hawakuja, na Karani akala majani yote, akala na ya mwenzake. Bi Halo alihitimisha jambo lililoonekana wazi: kelele ndiyo inayomuua. Jumatatu mapigo mawili yalipolia saa mbili kamili, Karani aliingia kwenye kisanduku na hakutoka hadi jioni. Punje tisa.

Jioni hiyo walizungumza jikoni watu watatu wakiwa wamesimama, kwa kuwa viti vyote vilikuwa vimerundikwa sebuleni.

"Naweza kuacha drili na grenda," Taratibu alisema. "Nikatumia tindo na mkono, polepole. Lakini mlango sijaupanua bado, na juu yake kuna boriti ya zege. Kwa mkono, niongezeeni siku tatu."

Wifi aliweka kikombe chini. "Mume wangu anarudi Jumamosi. Siku tatu ataoga wapi? Nitambeba mgongoni?"

Wifi akamgeukia Bi Halo, na maneno yakamtoka ambayo bila shaka yalikuwa yamemkaa kwa siku kadhaa. "Wifi, mimi sikuchukii. Lakini kwa watu wengine hao ni kitoweo. Kwa wengine wanaingia sufuriani na vitunguu. Hapa tunasimamisha bafu la mtu aliyevunjika nyonga."

"Mtu huyo ni mdogo wangu," Bi Halo alisema. "Nilimbeba mgongoni kabla hujajua kwamba yupo duniani." Akamgeukia Taratibu. "Hapana, fundi. Tumia drili. Jumamosi ni Jumamosi."

Alirudi chumbani, akafunga mlango, na taa yake ilizimwa mapema. Lakini wifi alisikia redio ikibadilishwa stesheni mara nyingi.

Jumanne asubuhi karatasi ya Karani ilikuwa tupu. Safu ya tatu ya daftari ina nambari moja, sifuri, iliyozungushiwa duara. Bi Halo alisaga majani ya karoti kwa maji, akayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akampa kidogokidogo pembeni mwa mdomo. Mengi yalimwagika kidevuni. Daktari alisema kwa simu: kama kufikia kesho jioni hakuna kitu, mlete hata kama mbwa wapo, ingawa safari yenyewe inaweza kummaliza.

Yapata saa tisa alasiri Taratibu alikwenda dukani kununua kiungo cha bomba. Fundi wa vigae alibaki peke yake, akapima kona, akaona kigae kimezidi, akawasha grenda. Hakugonga. Amekiri hivyo mwenyewe: ile sheria ilikuwa ya Taratibu na mama mwenye nyumba, yeye alikuwa ameambiwa achanganye saruji.

Bi Halo alikuwa uani akianika shuka. Mlio ule ulimjia bila kutangulizwa, na kwa kauli yake, ulimpata mgongoni kama teke. Alikimbia, mwanamke wa miaka sitini na minne, kanga ikiburuta, akapita kwenye mlango wa bafu bila hata kutazama, akasukuma mlango wa chumba chake akitarajia maiti.

Mkaguzi alikuwa amelala ubavu katikati ya chumba, miguu ameinyoosha. Karani alikuwa nje ya kisanduku. Sikio moja lilielekea upande wa bafu, jingine limelegea. Mbele yake palikuwa na nyasi kavu, na wakati grenda ikiendelea kulia ukutani kiasi cha kutetemesha bilauri, alivuta unyasi mmoja, akautafuna hadi ukaisha. Akavuta wa pili.

Bi Halo alisimama pale mlangoni hadi grenda ilipozimwa. Fundi wa vigae alitokea nyuma yake, kitambaa kimeshuka shingoni, vumbi limemfanya mweupe hadi kwenye kope.

"Mama, nisamehe. Sikugonga. Amekufa?"

"Anakula."

"Sasa mbona unalia?"

"Silii. Ni vumbi lako."

Alichukua daftari na kuketi nalo juu ya ndoo iliyofunikwa. Aliyasoma mambo yake mwenyewe kwa utaratibu, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka kwenye safu ya kati na ya tatu. Mapigo, drili, wamejificha. Mapigo, nyundo, wamejificha. Kisha akaona mistari miwili aliyoiandika wiki iliyopita na kuipita. Siku ya pili, saa nne: mapigo, umeme umekatika, hakuna drili, wamejificha. Siku ya tatu, saa sita na nusu: mpini umemponyoka fundi wakati wa chakula, umeanguka sakafuni na kudunda; wamejificha. Na Jumapili moja isiyo na mapigo. Na grenda ya leo, isiyotangulizwa na mapigo.

"Mwanangu," alimwita fundi wa vigae, "njoo usimame hapa. Usiguse kitu. Tazama tu, uniambie."

Alikwenda bafuni, akapiga magoti kwenye zege lililovunjwa, akachukua mpini wa nyundo. Amesema kwamba ilimwia vigumu kuliko simu yoyote aliyowahi kuiunganisha. Aligonga mara mbili, kama Taratibu alivyogonga siku zote, kwa adabu, pakiwa na nafasi kati ya pigo na pigo. Hakuwasha kitu. Nyumba ilikuwa kimya.

"Wamekimbia," sauti ilitoka chumbani. "Yule wa kijivu kapiga mguu, tup, halafu wote ndani. Mama, umewafanya nini? Hakuna hata kelele."

Daktari wa mifugo alipoelezwa hayo kwa simu alicheka kikohozi chake.

"Sungura hana sauti, mama. Akiona adui anawaonya wenzake kwa kupiga ardhi kwa mguu wa nyuma. Tup, tup. Sina kitabu kinachotaja mpini wa nyundo, lakini kwa hesabu yako mwenyewe, wewe ulikuwa unawatangazia kila siku kwamba adui ameingia. Halafu drili inakuja kuthibitisha."

"Lakini drili ndiyo kelele."

"Kelele inayodumu wanaizoea, kama redio yako. Onyo hawalizoei. Lingezoeleka lisingekuwa onyo."

Jioni hiyo Bi Halo alimwambia Taratibu sheria imefutwa. Mwashi alivua kofia.

"Mama, mimi sasa nimeshazoea. Nikianza bila kugonga naona aibu, kama mtu anayeingia kwa watu bila hodi."

"Ingia bila hodi, fundi. Anza kwa drili ya taratibu, kasi ndogo, kisha ongeza. Kama jina lako. Usigonge kitu sakafuni. Ukitaka kuniita, niite kwa mdomo."

"Na huyo Karani?"

"Tutajua kesho."

Wifi alikuwa akimenya viazi na hakuinua macho. Alipobaki na Bi Halo peke yao ndipo aliposema, bila ukali wowote, "Unakumbuka siku ile mume wangu alipoanguka? Nilikuwa sokoni. Ukanipigia."

"Nakumbuka."

"Uliniambia, 'Wifi, kaa kwanza.' Hukusema kitu kingine. Ukasubiri nikae." Kisu kiliendelea kuzunguka kiazi. "Nilijua amekufa. Miguu yote iliisha pale kwenye nyanya za watu. Uliposema nyonga, nikashukuru. Niambie, mke gani anashukuru kwa nyonga?"

Bi Halo alichukua kisu kingine akaanza kumenya naye, lakini maganda yake yalitoka mazito, nusu ya kiazi ikienda nayo, na baada ya viazi viwili wifi alikichukua kile kisu mkononi mwake akakiweka mezani. Kuhusu miaka thelathini na mmoja ya kuwaambia watu wakae kwanza, Bi Halo amesema sentensi moja tu: kwamba wengi walikaa kimya kwenye laini kabla hata daktari hajaongea, na kwamba yeye siku zote aliuchukulia ukimya ule kuwa ni utulivu.

Jumatano ndiyo siku mlango ulipopanuliwa. Drili ilianza saa mbili na robo kwa mguno wa chini, kasi ndogo, ikapanda. Hakuna aliyegonga. Bi Halo alikaa chumbani, redio ikisoma bei za mazao, mkono wake ndani ya kizimba. Mkaguzi aliinuka, akatazama ukuta, akarudi kulala. Karani aliingia kwenye kisanduku, akatoka, akaingia, akatoka. Boriti ya zege iliposhushwa saa tano, Taratibu na fundi wa vigae waliipokea kwa mabega na kuilaza juu ya magunia ya mchanga ili isiguse sakafu kwa kishindo. Kazi ambayo ingekwisha kwa dakika moja iliwachukua robo saa, na matusi ya chini kwa chini ambayo daftari limeyaacha.

Saa sita alimtenga Karani juu ya karatasi yake, akampa maji ya karoti. Akamsugua tumbo kwa vidole viwili, kuzungukia, kama alivyoelekezwa. Saa nane, karatasi tupu. Saa tisa, tupu. Alivaa viatu, akatoa katoni ya kumbebea, akatandika nyasi, akavua viatu. Alipiga simu ya teksi, akaikata kabla haijaitikiwa. Wifi alikuja akasimama kizingitini, akaondoka, akarudi.

"Bado?"

"Bado."

"Nikuletee chai?"

"Ukiileta nitaimwaga."

"Basi nitaileta uimwage. Angalau utakuwa na kazi."

Mafundi waliizima drili saa kumi na nusu. Katika kimya kilichofuata, redio ikiwa chini kabisa, ilisikika sauti ndogo mno, ya kitu kikavu kuanguka juu ya karatasi. Kisha nyingine. Bi Halo hakusogea. Alingoja, akasikiliza, akahesabu kwa midomo bila sauti, na ndipo alipoandika katika safu ya tatu, kwa mwandiko ambao kwa mara ya kwanza unatoka nje ya mstari: "Karani, saba."

Akaita kwa sauti iliyopita bafuni na kufika uani. "Saba."

"Saba nini?" Taratibu aliuliza.

"Wewe jibu alhamdulillahi tu," fundi wa vigae alimwambia. "Utaelezwa."

Alhamisi zilikuwa arobaini na moja. Ijumaa vigae vilikamilika na Bi Halo hakuhesabu tena.

Jumamosi, saa nne, mdogo wake aliingia kupitia mlango wa mbele, mkewe upande mmoja, dereva wa teksi upande mwingine, na mbele yake fremu mpya inayong'aa. Wote walikuwa wamejipanga ukumbini, hata Taratibu, aliyekuja kukaza bomba la kushikia. Mgonjwa aliinua fremu, akaiweka. Miguu miwili ya mbele ya fremu iligusa sakafu, kisha ya nyuma.

Tup, tup.

Chumbani kulisikika pigo moja la mguu na mkwaruzo wa kucha juu ya mbao.

"Simama hapo," Bi Halo alisema.

"Dada, ndiyo kwanza nimeanza kutembea. Wiki mbili hospitali wananiambia tembea, nyumbani naambiwa simama."

"Usiiweke chini."

"Nikiishikilia juu nitaanguka."

"Basi iweke, ila usiiinue."

Taratibu alikuwa amekwisha kuchuchumaa. Alitoa mfukoni kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akakikata vipande vinne kwa kisu cha vigae, na huku mgonjwa akiegemea ukuta na kulalamika kwamba katika nyumba yake mwenyewe anavalishwa viatu kama farasi, akaufunga kila mguu wa fremu kwa mpira na waya mwembamba, tabaka tatu. Fremu ilipowekwa tena haikutoa sauti yoyote. Mzee yule akaenda nayo hadi bafuni, akapita mlango mpana bila kugusa pande zake, na huko akasikika akimwambia mkewe kwamba bafu limekuwa kama la hoteli.

Zilipita siku chache kabla watu wa nyumba hawajatambua walichokifanya. Mwanamume aliyewahi kuanguka sasa alitembea ndani ya nyumba bila kusikika. Bi Halo alikaa chumbani na sungura wake, redio imezimwa, masikio yamesimama kuliko ya Karani, asijue kama mdogo wake yupo sebuleni, ukumbini au chini sakafuni. Kila baada ya dakika chache aliinuka kwenda kuchungulia.

"Dada, unanipeleleza."

"Sikusikii."

"Si ndivyo mlivyotaka?"

"Ukiinuka kwenda bafuni, sema kitu. Kwa mdomo. Usigonge."

"Niseme nini?"

Alimwachia achague. Asubuhi iliyofuata, Karani akiwa miguuni pake na jani la karoti likiingia mdomoni kidogokidogo kama karatasi kwenye mashine, Bi Halo alisikia sauti ya mdogo wake kutoka ukumbini, tulivu, yenye mzaha ndani yake.

"Halo."

"Halo," aliitika.

Sikio moja la Karani liligeuka kuelekea mlangoni, likarudi. Jani liliendelea kupungua. Bi Halo alihesabu hadi ishirini, akasikia maji yakifunguliwa bafuni, na hata hivyo akainuka kwenda kutazama.